Mkungu wa Milioni Kumi na Tano

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la rangi ambalo mwenyewe alilifunga baada ya kugombana na watu wa kodi. Upande wa kushoto ubao una msumari. Wenyeji wanaujua na kuukwepa, mgeni huujua kwa suruali. Mbele ya ubao Shangazi huweka jiko lake la mkaa, birika lake, na ndoo ya kuoshea vikombe, na humpimia kila mtu kahawa kulingana na mdomo wake: mwenye maneno mengi hujaziwa hadi ukingoni, ili walau akinywa anyamaze. Asubuhi ile, ng'ambo ya barabara, vibarua walikuwa wamekwisha kuuzungushia mti wa mkungu wa kona handaki la kufika kiunoni. Kando yake lilikuwa limesimikwa bango jipya la bati, na juu ya bango hilo palikuwa na tarakimu iliyokifanya kijiwe kizima kisahau hata mpira.

— Soma tena, alisema Gundi.

Gundi ni fundi viatu. Hukaa mwisho wa ubao na kiatu cha mtu mwingine mapajani, na huongea na sindano mdomoni bila kujichoma, kipaji ambacho hakuna serikali iliyowahi kukitambua.

— “Kuhamisha miti kumi na miwili kitaalamu, kupisha upanuzi wa barabara,” alisoma Mbunge kwa sauti ya bungeni. “Milioni mia moja na themanini.”

Mbunge hajawahi kuwa mbunge. Amegombea udiwani akashindwa, akagombea ujumbe wa mtaa akashindwa, kisha akagombea uenyekiti wa chama cha kuzikana akiwa mgombea pekee, akashindwa pia. Jina likabaki kama kovu.

— Gawa kwa kumi na mbili.

— Kumi na tano.

— Kumi na tano nini?

— Milioni, Gundi. Kwa mti.

— Mti upi? Huu?

— Huu huu unaomwaga majani kwenye ndoo ya Shangazi.

Gundi alitoa sindano mdomoni. Jambo lilikuwa zito.

— Kwa milioni kumi na tano mimi naubeba mgongoni. Na njiani nauimbia.

Shahada hakusema kitu, na hilo peke yake lilikuwa habari. Kijana huyu ndiye ulimi wa kijiwe. Alisomea misitu chuo kikuu miaka minne, akaja kupongezwa hapa ubaoni akiwa bado na joho, na sasa ni mwaka wa tano hajaondoka. Sivii yake imesambazwa ofisi nyingi kuliko vumbi. Akikasirika hutukana kwa Kiswahili, akikasirika zaidi hutukana kwa Kiingereza, na akikasirika kabisa hutaja majina ya miti kwa Kilatini hadi anayetukanwa aombe msamaha bila kujua kosa. Leo alikuwa amekaa, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya kwapa, kalamu imechomekwa mfukoni.

— Na wewe? aliuliza Gundi. Shati hilo vipi, unaoa?

— Nguo zikifuliwa hukauka, kaka. Ndiyo siri yake.

Siri yake haikuwa hiyo. Shahada analala sebuleni kwa dada yake, kwenye kochi linalomtosha mpaka magotini. Jana jioni shemeji yake, msimamizi wa kampuni inayohamisha miti hii, alirudi kutoka kazini akakaa kwenye mkono wa kochi lile lile, akashusha sauti. Kampuni imekwama. Inatakiwa mtu mwenye cheti cha misitu aweke saini kwamba mizizi ya miti yote kumi na miwili imeandaliwa kwa miezi sita. Yule waliyekuwa naye kaenda likizo isiyo na mwisho. “Saa nne asubuhi unasaini, Jumatatu unaanza kazi. Mshahara wa mwezi, si kibarua.” Dada yake ana mimba ya miezi saba. Aliamka tu alfajiri akalipiga pasi shati la mumewe na kulitundika juu ya kochi. Pasi nyingine hunyoosha nguo. Ile ilikuwa inasema, mtoto anakuja, kochi ninalihitaji.

Na Shahada alijua vizuri kwamba mizizi haijaandaliwa. Amekaa mbele ya mkungu ule miaka mitano. Kama kuna binadamu mmoja duniani anayeweza kuapa kwamba hakuna aliyeugusa mti huo kabla ya leo saa kumi na mbili asubuhi, ni yeye. Kwa hiyo alikunywa kahawa yake na kutazama saa ya simu. Tatu na dakika kumi.

— Nyinyi mnashangaa kwa sababu hamjatembea, alisema Mbunge. Mti wa kitaalamu hausafiri hivi hivi kama gunia la viazi. Kwanza unapimwa damu.

— Damu ya mti?

— Utomvu, basi. Unatiwa kwenye kichupa, kichupa kinapanda ndege, majibu yanarudi baada ya wiki mbili kwa bahasha. Wahenga walisema, damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ni ya ndugu, Mbunge.

— Na hii si ndugu? Kumi na miwili, imepandwa siku moja!

Shangazi alikuwa anapepea jiko kwa kipande cha boksi.

— Mimi nilihamishwa kutoka pale stendi, alisema. Nikahamishwa tena kutoka pale benki. Nilipewa dakika kumi, na birika langu likapewa teke. Mbona hakuna aliyenipima utomvu?

— Wewe huna mizizi, Shangazi.

— Ninayo. Ndiyo hii inadai kodi ya chumba.

Gundi alicheka hadi kiatu kikamdondoka. Akakiokota, akakipangusa, akarudi na nadharia yake mwenyewe, maana kijiweni mtu haruhusiwi kucheka bure bila kuchangia.

— Mimi nawaambia pesa inakoenda. Kuna mtu analipwa kukaa na mti. Usiku na mchana. Anausemesha. Anauambia, usijali, huko unakokwenda ni kuzuri, kuna maji, majirani watulivu. Mshauri nasaha. Milioni tano ni zake.

— Na tano nyingine? aliuliza Mbunge.

— Za mkalimani. Unadhani mkungu unajua Kiswahili?

Hapo Shahada alishindwa kuvumilia. Ana ugonjwa mmoja: akisikia upuuzi kuhusu miti, elimu humpanda kama kwikwi.

— Mshtuko wa kuhamishwa upo, alisema.

— Upo nini?

— Upo kweli. Mti mkubwa hauhamishwi siku moja. Unakata mizizi nusu ya mduara, upande mmoja, unafukia, unasubiri miezi. Mti unaota vijizizi vipya vyembamba kama nywele, karibu na shina. Ndipo unakata nusu ya pili. Halafu ndipo unanyanyua, na donge lake la udongo limeshonewa gunia. Ukiung'oa ghafla, haujui kama umekufa. Unaendelea. Unatoa hata majani mapya, kwa akiba iliyobaki shinani. Watu wanapiga picha, wanapongezana. Mwezi wa tatu ndipo unakumbuka kwamba ulikufa.

Kijiwe kililipuka.

— Mti usiojua umekufa! Mbunge alijipiga paja. Kama timu yetu!

— Vijizizi kama nywele! Gundi alifuta machozi kwa mkono wenye gundi. Na unavisuka au unavinyoa?

— Na mimi nilidhani kwa mkalimani nimezidisha, aliongeza Gundi huyo huyo.

Damu ya kichupa ilikuwa imekubalika. Mshauri nasaha alikuwa amekubalika. Kitu pekee cha kweli kilichosemwa ubaoni tangu asubuhi ndicho kilichochekwa hadi kupaliwa. Miaka minne ya chuo, Terminalia catappa, yaani mkungu kwa Kilatini, na ukoo wake wote, vikawa kichekesho cha wauza soli. Shahada aliwatazama, akafikiria kochi, akatazama saa. Tatu na nusu.

— Haya, tuseme ni kweli, alisema Gundi, sasa ametulia. Huu umeandaliwa lini? Mimi niko hapa kila siku ya Mungu, sijaona hata panga.

Shahada aliinamia kikombe.

— Waliandaa usiku, alisema Shangazi kwa dharau.

— Waliandaa kwa mtandao, alisema Mbunge. Siku hizi hata hospitali ni kwa mtandao, sembuse mizizi. Lakini nyote hamjafika kwenye kiini. Sikilizeni. Mti huu unahamishwa kwa sababu umeona mengi. Umesimama kona hii miaka arobaini. Nani kapokea bahasha ya nani ndani ya gari, nani katoka kwenye lango la nani, mkungu umeona. Huu ni shahidi! Na shahidi wa kesi kubwa hufanywaje? Anahamishwa. Kwa siri. Kwa gharama za umma. Anapewa jina jipya.

— Utaitwa nani sasa?

— Utaitwa mwembe. Nani atajua?

— Si utaonekana hauzai maembe?

— Mchumia juani hulia kivulini, Gundi! Ndiyo maana wanahamisha kivuli!

Methali ile ilikuwa haina uhusiano na chochote, lakini Mbunge aliitamka akiwa amesimama, na kijiweni anayesimama amepita. Hata vibarua wawili waliokuwa wamekuja kuomba maji waliinamisha vichwa kwa heshima.

— Sawa, alisema Gundi, akiendelea kushona, na sauti yake ikabadilika kidogo. Utani kando. Milioni hizi haziruki zenyewe. Mahali fulani yupo mtu kaweka saini. Si kampuni. Kampuni haina mkono. Mtu.

— Mtaalamu, alisema Mbunge.

— Huyo. Mwizi wa kuku anapigwa, mwizi wa mkungu anapigiwa saluti. Kasomeshwa na kodi yangu, halafu anakuja kuandika uongo kwa kodi yangu. Nikimwona, uzi huu unauona? Namshona mdomo. Mshono wa buti.

— Na laana ya mama yake juu, aliongeza Shangazi.

— Ya mama ya nini, inatosha ya kijiwe.

Kahawa ilimuunguza Shahada ulimi. Alimeza tu. Alikuwa na jibu kwa kila mmoja wao. Angeweza kumwambia Gundi kwamba hajawahi kulipa kodi ya kitu chochote zaidi ya chumvi. Angeweza kumwambia Mbunge kwamba mtu aliyeshindwa na kiti kitupu hana haki ya kusema habari za uadilifu. Lakini ulimi ulikuwa umeungua, na saa ilisema nne kasoro tano, na ng'ambo ya barabara kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa kinakuja, kofia ngumu kichwani, jalada kwapani.

— Mtaalamu wetu! alipaza sauti Shemeji kabla hata hajavuka. Mbona umejificha na hawa? Kreni inasubiri, na kreni hailipwi kusimama!

Ubao mzima uligeuka. Gundi alitazama nyuma yake, ukutani, kama mtaalamu angekuwa kajibandika kwenye rangi. Kisha akamtazama Shahada. Shati. Mikunjo. Kalamu.

— Wewe?

Shahada alijiandaa. Na hapa ndipo alipokosea, kwani alijiandaa kwa matusi. Kama wangemtukana angejua la kufanya. Angewajibu kwa lugha tatu, angesimama kwa hasira, angechana karatasi mbele yao kwa kuwakomoa tu, na pengine mpaka leo wangemwita shujaa. Alikwisha kuvuta pumzi. Alikwisha kuchagua neno la kwanza.

— Mtaalamu, alisema Gundi taratibu, na kiatu akakiweka chini. Kaka. Hayo magunia ya kushonea udongo… mna mshonaji?

— Nini?

— Nauliza tu. Mkono wangu unaujua. Gunia na buti si mbali.

— Na msemaji? Mbunge alikuwa amevaa koti lake, hakuna aliyeona saa ngapi. Mradi mkubwa kama huu hauwezi kukosa msemaji. Mtu wa kuwaelimisha wananchi kuhusu ule… ule mshtuko. Nimeushika vizuri sana. Nusu mduara, halafu nusu mduara.

— Mlikuwa mnacheka sasa hivi!

— Tulikuwa tunacheka kwa furaha, mkuu.

Mkuu. Miaka mitano hakuna aliyemwita Shahada mkuu. Jina lenyewe la Shahada walimpa kwa kejeli, kama vile kipofu huitwa Macho. Alimtazama Shangazi, maana ndiye pekee ambaye hajaomba kitu.

Shangazi alikuwa anasuuza kikombe. Hakuinua uso.

— Usinitazame mimi, mwanangu. Mti una milioni kumi na tano. Wewe una nini?

Shemeji alifungua jalada. Nakala nne, kila moja na mhuri tayari, kwenye kila moja jina la Shahada limechapwa kwa herufi kubwa, jina lote la darasani, lile ambalo kijiweni hakuna anayelijua. Aliliona akalisoma mara mbili. Lilikuwa limependeza. Chini ya jina: “Mtaalamu wa Miti.” Palikuwa na aya nyingi za maandishi madogo.

— Hapa, hapa, hapa na hapa, alisema Shemeji. Dada yako kanipigia simu mara mbili.

Gundi alimpa goti lake aandikie. Mbunge alizuia upepo kwa koti. Shahada akasaini, hapa, hapa, hapa na hapa, na saini ya nne ilitoka nzuri kuliko zote, kwani mkono ulikuwa umeanza kuzoea. Shemeji alichomoa nakala moja, akamwachia, akampiga bega. Simu yake ikaita. Aliipokea, akasema “ndiyo bosi, tayari bosi,” akavuka barabara huku anaongea, akaingia kwenye gari, na gari likaondoka bado anaongea.

Ng'ambo, msumeno wa injini uliwashwa. Ulizunguka handaki mara moja, mduara mzima, dakika zisizozidi sita. Kisha kreni ikavuta. Mkungu ulikataa kidogo, ukalia kwa chini, halafu ukaachia, ukapanda hewani na matawi yake yaliyopangwa ngazi ngazi, mizizi imekatwa butu, myeupe mwishoni kama mifupa ya nyama mchuzini. Udongo ulimwagika karibu wote. Gunia halikuwepo. Watu walisimama wakapiga picha.

— Kazi ya kitaalamu hiyo, alisema Mbunge kwa sauti ya msemaji.

— Nyamaza, alisema Shahada.

Mtu mmoja mnene, kandambili miguuni, taulo shingoni, aliteremka kwenye lori refu lililokuwa limeegeshwa nyuma ya kreni, akavuka, akaja mpaka kwenye jiko.

— Shikamoo, Shangazi. Nipatie kikombe, sina sukari ya mwili kabisa. Habari zenu, wakubwa.

— Marahaba, karibu. Usikae huko kushoto, kuna msumari.

— Ahsante, nitasimama. Akanywa nusu, akashusha pumzi. Mimi ndiye dereva wa hilo lori. Nimetoka gereji alfajiri, nikaambiwa njoo hapa upakie mti. Sasa samahani, naomba kuuliza. Huu mti naupeleka wapi?

Gundi alimtazama Mbunge. Mbunge alitazama bango, akalisoma lote kuanzia juu, midomo ikitembea. Bango lilisema miti inahama. Lilisema kwa kiasi gani. Lilisema kitaalamu. Halikusema zaidi.

— Unakwenda… kwenye eneo, alisema Mbunge.

— Eneo gani, mzee?

— La miti.

— Msimamizi yuko wapi?

— Kaondoka, alisema Gundi. Lakini una bahati, ndugu yangu. Mtaalamu huyu hapa.

Dereva alimgeukia Shahada, akafuta mkono kwa taulo kabla ya kumpa.

— Ahaa, ndiwe. Basi ndiwe. Mimi karatasi yangu imeandika nimwone mtaalamu tu.

Shahada alikuwa amekwisha kuikunjua nakala yake. Aliteremka nayo aya kwa aya, yeye aliyewacheka watu kwa kutojua kusoma mikataba, yeye aliyewahi kumsomea Shangazi notisi ya jiji na kumwambia, “tatizo lenu mnasaini kama mnajisajili kwenye msiba.” Aya ya tisa, herufi za ukubwa wa chawa: “Miti itapandwa mahali atakapoelekeza Mtaalamu, ambaye atawajibika kwa uhai wa miti hiyo.”

Alimpigia Shemeji. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Ikawa haipatikani. Akampigia dada yake, naye akapokea kwa sauti ambayo hajaisikia kwa miaka, sauti ya mtu aliyelala vizuri:

— Umesaini? Hongera, mdogo wangu! Nimeshamwita fundi aje kulipima lile kochi, aligeuze kitanda cha mtoto.

Akakata.

Wote walikuwa wanamtazama. Mkungu ulining'inia juu ya barabara kwa mikanda miwili ya njano, ukigeuka polepole, majani yake yakiwa mabichi kabisa, yakimeta kama hakuna lililotokea. Nyuma ya lori magari yalikuwa yameanza kupiga honi. Mwendesha kreni alitoa kichwa dirishani akapiga mluzi. Miti mingine kumi na mmoja ilisimama kwenye mstari, kila mmoja na handaki lake.

Dereva alimaliza kahawa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa na haraka wala ubaya. Alikuwa mtu wa kazi tu anayetaka kujua kazi yake.

— Basi nirahisishie, mkuu, alisema. Usinitajie hata jina la mahali. Nikitoka hapa kwenye kona, nikate kulia au kushoto?